Tupakulieni Sahani Inayotuliza Sukari: Barua ya Wazi kwa Mama Lishe na Baba Lishe wa Dar es Salaam

Kwenu mama zangu, dada zangu na kaka zangu mnaopika,

Nawaandikia nyinyi wa Kariakoo, Buguruni, Tandika, Mbagala, Mwenge na Feri, na kila mahali ambako jiko la mkaa huwashwa kabla jiji halijaamka. Mimi ni mteja wenu. Ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Ilala, na chakula changu cha mchana hutoka kwenye masufuria yenu. Nina kisukari aina ya pili. Naandika kwa ajili yangu na kwa ajili ya wenzangu wengi mnaowapakulia kila siku bila kujua hali yao, na wengine wao hata wenyewe hawajui kwamba sukari yao imekwisha kupanda.

Nina jambo moja la kuwaambia. Kliniki tunakwenda kwa tarehe ya kadi. Kwenu tunakuja kila siku. Daktari anaandika dawa, lakini sahani mnaijaza nyinyi. Ndiyo maana naamini kwamba wachache sana katika jiji hili wanaweza kututulizia sukari kuwashinda nyinyi, na uwezo huo mnao tayari, kwa vyakula vile vile mnavyopika leo. Sikuja kuwaomba mpike chakula cha wagonjwa. Naomba mbadilishe vipimo vya upawa.

Nianze na ukubwa wa tatizo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Profesa Donald McLarty na wenzake walipima watu wazima katika vijiji vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari ni chini ya mmoja kati ya mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1, yaani karibu mmoja kati ya kumi na mmoja. Tafiti hizo mbili hazikufanana kwa umri wa watu wala kwa maeneo, kwa hiyo si haki kuzilinganisha tarakimu kwa tarakimu. Lakini anayeuza sahani hamsini kwa mchana mmoja asishangae kwamba huenda wanne au watano kati ya waliokula kwake wana ugonjwa huu. Hao ni wateja wenu. Wanalipa, wanarudi, na mkiwatunza wataendelea kurudi kwa miaka mingi.

Sukari inapandaje? Ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo, chapati na maandazi vyote ni vyakula vya wanga, na wanga ukifika tumboni huvunjwavunjwa ukawa sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoiwezesha sukari hiyo kutoka kwenye damu na kuingia kwenye misuli ikatumike. Kwa mwenye kisukari aina ya pili, mwili hauiitikii insulini ipasavyo, na kongosho lenyewe huzidi kuelemewa kadiri miaka inavyokwenda. Hapo kiasi cha chakula kina uzito wake, na kasi nayo ina uzito wake. Mnaijua Feri pale pantoni inapofika kutoka Kigamboni: abiria wakishuka wote kwa mkupuo, geti linazidiwa na msongamano unafika barabarani; wakishuka wachache wachache, njia inapitika ingawa idadi ni ile ile. Nyuzinyuzi za mboga za majani na maharage, pamoja na protini ya samaki, dagaa, nyama au mayai, ndizo zinazoifanya sukari iingie kwenye damu polepole.

Ulimi hauwezi kulipima jambo hili. Mhogo wa kuchemsha hauna utamu wa pipi, lakini umejaa wanga. Uji wa unga laini, hata usipotiwa sukari, hupandisha haraka, kwa sababu unga uliosagwa humeng'enywa upesi kuliko punje nzima. Asali nayo ni sukari, hata ikitoka Tabora ikiwa safi kabisa. Na dona, ambalo wagonjwa wengi tumeambiwa tulikimbilie, ni bora kuliko sembe kwa kuwa limebaki na pumba na kiini cha hindi, lakini bado ni wanga, na bonge kubwa la dona hupandisha sukari. Anayemwambia mgonjwa ale dona mpaka ashibe, basi, amempa nusu ya habari.

Sasa tuitazame sahani ya wali maharage, inayouzwa kuliko zote pale ninapokula. Mpishi anachota wali kwa bakuli, anaushindilia kwa mgongo wa upawa, anaubinua katikati ya sahani. Anaongeza kidogo pembeni kwa kuwa mteja ni wa siku zote. Kisha maharage, upawa mmoja, mchuzi mwingi na punje za kuhesabika. Mchicha ni ule unaoshikika kwa vidole viwili. Juu yake kipande cha tikiti au ndizi mbivu, na mezani soda ya baridi, au juisi ya ukwaju iliyokwisha kukorogwa na sukari kwenye ndoo.

Wali wa sahani hiyo nimeupima kwenye mizani ya muuza nyanya jirani yangu: ulikaribia gramu 400. Kila gramu 100 za wali uliopikwa zina wanga wa gramu 28 hivi, kwa hiyo wali peke yake umekwisha kuvuka gramu 100 za wanga. Soda ya mililita 300 inaongeza sukari ya gramu 30 hivi, sawa na vijiko saba au zaidi vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula kwa siku, na kwamba ni vizuri zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Soda moja ya mchana imepita hapo, na chai ya asubuhi bado haijahesabiwa.

Ninacho kipimo cha kutoboa kidole. Wengi wetu tunaambiwa tulenge chini ya 10, kwa milimoli kwa lita, saa mbili baada ya kula. Baada ya sahani niliyoieleza, kipimo changu husoma 14 au 15. Lakini mpishi wangu amekubali kunipakulia sahani nyingine kutoka masufuria yale yale: wali nusu, maharage pawa mbili zilizojaa punje, mchicha unaofunika karibu nusu ya sahani, dagaa kidogo, na maji ya kunywa. Hapo husoma 9, au 8 na nukta. Dawa ni ile ile na bei ni ile ile. Mwili wa kila mtu una namna yake, kwa hiyo tarakimu za mwenzangu zitakuwa nyingine, lakini hilo la kupunguza wanga na kuongeza mboga na maharage ndilo tunalofundishwa kliniki kwa mchoro wa sahani: nusu mboga, robo protini, robo wanga.

Hata mpangilio wa kula una nafasi yake. Mwaka 2015 watafiti wa New York walichapisha utafiti mdogo wa watu 11 wenye kisukari aina ya pili. Chakula kilikuwa kile kile, ila siku moja walianza na wanga na siku nyingine walianza na mboga na nyama, wanga ukafuata. Walipoanza na mboga na nyama, saa moja baadaye sukari ya damu ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Ni utafiti wa watu wachache, lakini kuujaribu hakugharimu hata senti. Mkituletea mboga na maharage mapema, wakati wali unapakuliwa, mmekwisha kutusaidia.

Baada ya kusema hayo, nina maombi matano.

Ombi la kwanza ni sahani ya wanga nusu. Iandikeni kwenye ubao pamoja na vyakula vingine: wanga nusu, maharage na mboga mara mbili, bei ile ile. Ikiwa kwenye ubao, mtu anaiagiza kama anavyoagiza pilau, bila kujieleza. Kwa sasa anayeomba apunguziwe wali huulizwa mbele za watu kama anaumwa, au kama anafunga mkanda. Mtu mzima hapendi kueleza ugonjwa wake mbele ya foleni, kwa hiyo hunyamaza, hupakuliwa mlima, na kwa kuwa amelipa huumaliza. Kwa upande wenu hesabu haibani sana. Mchele ni ghali, na nusu yake inabaki kwenye sufuria. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga ni rahisi kwa fungu, ingawa najua vinanywea jikoni na kuvichambua kunakula muda. Hiyo ndiyo kazi ya ziada ninayowaomba, na najua ni kazi.

Ombi la pili ni jamii ya kunde kila siku: maharage, choroko, kunde, njegere, dengu. Punje hizi zina wanga, lakini umefungamana na nyuzinyuzi na protini kiasi kwamba sukari yake huingia taratibu. Na hapa nayaombea makande heshima yake. Makande ni punje nzima za mahindi zilizochemshwa pamoja na maharage, na ukiyaweka na mboga ya majani na dagaa pembeni umepata mlo unaokaa tumboni mpaka jioni. Wengi wameyaacha kwa kuyaona chakula cha shule ya bweni. Mkiyapika vizuri, kwa vitunguu, nyanya, karoti na nazi ya kiasi, wateja watayafuata. Ila maharage yawe mengi kama mahindi, kwa sababu makande yenye mahindi matupu hayatusaidii sana.

Ombi la tatu ni sukari ikae mezani. Chai ikipikwa na sukari ndani ya birika, mteja hana tena uamuzi. Vijiko vinne kwenye kikombe ni gramu 16, na anayekunywa vikombe viwili kwa siku amekwisha kuvuka zile gramu 25 nilizozitaja hapo juu kwa chai peke yake. Pikeni chai kavu au ya maziwa, ya tangawizi, ya mchaichai, ya iliki, na kopo la sukari liwe pembeni na kijiko chake. Juisi nayo, ukwaju au rozela, itengwe jagi moja kabla ya kutiwa sukari. Maji safi yawepo mezani bila mtu kuyaulizia.

Ombi la nne linahusu asubuhi. Chai tamu na maandazi matatu ni wanga juu ya sukari, na mtu hufika saa nne akiwa amechoka na tumbo linadai tena. Kwenye vibanda vyenu vya asubuhi ongezeni mayai ya kuchemsha, maharage ya kula na chapati moja badala ya chapati tatu za chai, na supu yenye ndizi mbichi kidogo na mboga. Wapo wanaodhani kukaanga kwa mafuta mengi kunasaidia kwa kuwa mafuta huchelewesha mmeng'enyo. Ni kweli mafuta huchelewesha, lakini huongeza uzito, na uzito ukizidi mwili huzidi kuikataa insulini. Kiasi kinatosha.

Ombi la tano ni muda, na hili nawasihi mlishike kuliko yote, maana linaweza kuokoa uhai. Kutulia kwa sukari kuna pande mbili: isipande sana, na isishuke sana. Anayechoma insulini, au anayemeza vidonge vya aina ya glibenklamidi, akichelewa kula sukari yake inaweza kushuka chini ya 4. Mtamwona anatoka jasho la ghafla, anatetemeka, moyo unamwenda mbio, maneno yanapotea. Wengine hudhani amelewa. Huyo msimsubirishe ugali uive. Mpeni vijiko vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Ngojeni dakika 15. Kama bado, mpeni tena kiasi kile kile, na akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote mdomoni: mlazeni kwa ubavu na mtafute usafiri wa hospitali mara moja. Na mteja akiwanong'oneza kwamba amekwisha kuchoma sindano, mtangulizeni hata kama foleni ni ndefu. Waliomtangulia wakiambiwa sababu ni dawa wataelewa.

Najua yapo ya kunijibu. Mtasema wateja wenu ni wapagazi wa Kariakoo, mafundi ujenzi, madereva wa bodaboda na wavuvi wa Feri, na mtu wa kazi nzito akipunguziwa ugali atahamia kibanda cha jirani. Ni kweli, na sisemi mumpunguzie. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari, na mbeba magunia anahitaji nguvu ambayo mimi niliyekaa mbele ya cherehani siihitaji. Tofauti hiyo ndiyo inayodai sahani mbili kwenye ubao mmoja. Mboga za majani, hata hivyo, ziongezeni kwa wote. Utafiti ule wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi hawafikishi vipimo vitano vya mboga na matunda kwa siku, na jiji hili haliwezi kukisogeza kiwango hicho bila nyinyi, kwa kuwa maelfu hawapiki mchana.

Sisi wateja nasi tuna wajibu wetu. Tulipe bei kamili ya sahani yenye wali nusu bila kudai punguzo, maana tumepewa maharage na mboga zaidi. Tuseme mapema tunavyotaka, kabla upawa haujaingia kwenye sufuria. Tuanze na mboga na tumalizie wanga. Tukimaliza tusikae, tutembee dakika kumi au kumi na tano, kwa sababu misuli ikitembea huichukua sukari kutoka kwenye damu. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga sana, ili dawa irekebishwe ilingane na chakula. Na asiache dawa kwa sababu ya sahani nzuri, wala kwa sababu ya karela, mlonge au chochote anachoahidiwa barabarani.

Neno moja pia kwa maafisa lishe wa halmashauri zetu, kama barua hii itawafikia. Somo la sahani mnalifundisha vizuri kliniki. Lipelekeni sasa vibandani, saa nne asubuhi, kabla chakula hakijaiva, mkae na wapishi, mpime wali wao na maharage yao kwa bakuli zao. Mpishi mmoja akilielewa, wateja wake wote wamelipata siku hiyo hiyo.

Mama zangu na dada zangu, kaka zangu, wateja tumewaamini muda mrefu. Tunakula kwa mkopo mpaka mwisho wa wiki, mnatukumbuka anayependa pilipili na asiyekula nguruwe, mnatuwekea ukoko, mnatuuliza hali za watoto. Kumbukumbu hiyo hiyo inatosha kwa hili ninaloliomba. Jumatatu ijayo andikeni sahani moja mpya kwenye ubao, bandikeni maharage sufuria kubwa zaidi, na chai ipikeni bila sukari. Jaribuni kwa wiki moja, kisha muwaulize waliokula kama wameshiba, na mhesabu kama mmepata hasara. Wateja wenye kisukari tutakuja, tutalipa, na tutawaleta wenzetu.



Ndugu yenu na mteja wenu,
Fundi cherehani, Ilala